Kole ya matone: imekataa bidoni yangu na imeniunguza kidole

Hii kole ya kichupa kidogo, yaani gundi ya super glue, ile inayoning'inizwa kwenye kadi mlangoni mwa butiki, nimeinunua miaka na miaka bila kuiandikia neno. Leo naandika kwa sababu nina hasira.

Bidoni yangu ya njano, dumu la maji la lita 20, ilipasuka kwenye kona ya chini. Wanaoishi Goma wananielewa. Bomba likikauka, watoto wanashuka ziwani au tunamlipa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na bidoni inayovuja inafika nyumbani nusu. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, urefu wa kidole. Haya mawe yetu ya volkano hayana huruma.

Nikaenda Birere, kwenye maduka. Nikamuuliza kijana wa dukani kwa adabu, "Mwanangu, hii inashika plastiki ya bidoni?" Macho yake yalikuwa kwenye simu. "Inashika kila kitu, mama. Angalia kadi." Kweli kadi imechorwa kiatu, kiti na ndoo. Nilipouliza tena, akapaza sauti mbele ya wateja: "Wamama mna maneno mengi kwa kitu kidogo hivi!" Nina mtoto wa rika lake. Nililipa nikaondoka, koo limenikaba.

Nyumbani sikufanya haraka. Niliosha kwa sabuni, nikaanika, nikaparuza kwa msasa, ndipo nikadondosha. Tone moja likateleza, nikalipangusa kwa kipande cha kitenge cha zamani, cha pamba. Kitambaa kikapata moto mkononi mwangu! Joto la kweli, na moshi mwembamba ukanichoma macho. Kidole kikatoka lengelenge. Kwenye kadi hakuna hata neno moja kuhusu pamba.

Asubuhi kole ilikuwa ngumu kama kioo, nikafurahi. Nikajaza maji. Yalipofika nusu, ikabanduka yote, ukanda mmoja mweupe kama ganda la kidonda, na mahali pake plastiki ikabaki laini kama haijawahi kuguswa. Haikuwa imeshika kitu, ilikuwa imelala juu tu.

Mdogo wangu anafundisha kemia. Alipoona, akageuza bidoni na kunionyesha kitakoni: pembetatu ndogo yenye namba 2. Plastiki hiyo, akasema, haikubali kole hii, sawa na ile ya namba 5 ambayo hutengenezewa mabeseni na viti vingi. Na pamba inaigandisha ghafla, ndiyo maana inatoa joto. Sasa ile ndoo ilichorwa kwenye kadi kwa sababu gani? Nani aliijaribu?

Nilikuwa nimekata shauri kuwaambia msiinunue kabisa. Lakini siwezi kusema uongo. Kichupani yalibaki matone machache, na kifuniko cha bakuli la sukari la marehemu mama yangu, la kauri, kilikuwa kimevunjika vipande viwili tangu zamani. Tone moja, nikabana nikihesabu hadi sitini. Kimeshika, na usipoinama karibu huoni mstari. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu. Kwa kifuniko hicho ningeipa alama zote.

Kwa kiatu, hapana: soli inapinda, kole hii inakatika. Mshona viatu ana ile yake ya njano, anapaka pande zote mbili, anasubiri hadi isinate kidoleni, ndipo anagonga. Mguu wa kiti cha mbao unataka kole nyeupe na kamba ya kuubana usiku kucha. Nayajua haya leo, baada ya lengelenge. Yule wa dukani alipaswa kuyajua kabla yangu, ndiyo kazi yake. Nilimrudishia kichupa na ule ukanda mweupe. Akaniambia, "Wewe ndiye hujui kuitumia." Basi nafuta alama zote, hata za bakuli la sukari. Hapana, za bakuli nitaziacha. Dukani kwake ndiko sitakanyaga tena.

Bidoni ilitengenezwa na kijana mwingine anayekaa kando ya njia na jiko la makaa na kisu kilichochakaa. Hakuniuliza maswali. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye ufa, akachukua kipande cha bidoni kuukuu na kuweka kisu motoni. "Hii haitaki kole, mama. Kaa hapa kidogo."