Kishikwambi au simu? Nimetembea navyo Mwanza wiki nzima

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo nipo hapa Kamanga, upande wa mjini, nasubiri kivuko. Mkono huu nina kishikwambi cha inchi 10, huu nina simu ya inchi 6.5. Wiki nzima nimezunguka navyo, maana kila siku mnaniuliza: ninunue kipi?

Tuanze na kubeba. Simu inaingia mfukoni, basi. Kishikwambi kinadai begi, na begi linadai macho yako muda wote. Jumanne asubuhi nilipanda daladala ya Buzuruga, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Ujumbe ukaingia. Nikakitoa kishikwambi nijibu, kidole gumba hakifiki hata katikati ya kioo, na abiria wa pembeni ananisukuma. Nikakirudisha, nikatoa simu, nikajibu kabla ya kituo kinachofuata.

Halafu nikaenda Kirumba, mwaloni. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Nilimwonyesha mama mmoja anayeuza dagaa jinsi ya kuandika hesabu za magunia kwenye kioo kikubwa. Alikipenda kweli, tarakimu anaziona bila miwani. Ila vidole vyake vilikuwa na maji, na kioo kikaanza kujibonyeza chenyewe. Vioo hivi vinahisi umeme mdogo wa kidole, na maji nayo yanapitisha umeme, kwa hiyo kinachanganyikiwa. Simu nayo ina tatizo hilohilo. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniuliza: “Mwanangu, pesa natumaje hapa?”

Hilo ndilo swali la soko letu. Kishikwambi changu hakina sehemu ya laini, kinategemea Wi-Fi. Ukitaka kubonyeza *150*00#, menyu ya M-Pesa, huwezi. Na hata vyenye laini, vipo vinavyokubali bando tu, kupiga simu havipigi. Kwa mtu ambaye duka lake, benki yake na wateja wake vyote viko kwenye simu, kifaa hicho hakiwezi kuwa cha kwanza.

Tukumbuke pia simu zilivyokua. iPad ya kwanza, kishikwambi cha Apple, iliingia sokoni Aprili 2010, kioo inchi 9.7, uzito kama gramu 680. Wakati huo kioo cha iPhone kilikuwa inchi 3.5, kwa hiyo tofauti ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2011 Samsung wakatoa Galaxy Note ya inchi 5.3, watu wakasema ni kubwa kupita kiasi. Leo inchi 6.5 ni simu ya kawaida kabisa, ina gramu 200 hivi. Simu ndiyo iliyokula nafasi ya vishikwambi vidogo vya inchi 7.

Lakini jioni, nyumbani Nyegezi, mambo yaligeuka. Mpwa wangu yuko kidato cha nne, anasoma mchoro wa moyo kwenye PDF. Kwenye simu anavuta, anasogeza, akifika kwenye jina la mshipa mchoro umeshapotea. Kwenye kishikwambi ukurasa mzima uko mbele yake, maana eneo la kioo ni karibu mara tatu. Alikaa nacho saa mbili bila kulalamika. Nilifurahi sana kuona vile. Hata vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 walipewa walimu baadaye.

Kwa hiyo mimi nasema: kama unanunua kimoja, nunua simu. Kama simu unayo na kuna mwanafunzi nyumbani, kishikwambi nakiunga mkono kwa moyo wote, na usijali kwamba hakiingii mfukoni.

Ila ukifika dukani, kabla hujalipa, omba uweke laini yako mwenyewe, bonyeza menyu ya pesa, kisha mpigie mtu wa nyumbani. Halafu toka nacho nje juani uangalie kama kioo bado kinasomeka. Muuzaji akikataa, rudisha, nenda duka linalofuata.