Punda milia wa jahazi: nilivyopandishwa presha safari ya Pango la Kuumbi

Mie si mtu wa kulalama mitandaoni, lakini hili limenishinda kulimeza. Likizo ya skuli, siku sikumbuki vizuri, nilimlipia mwanangu na watoto wawili wa ndugu yangu safari ya kutoka mjini kwenda Pango la Kuumbi, kule Jambiani, hapa hapa Unguja. Kampuni siitaji, wenyewe watajijua. Gari ilichelewa, nikasamehe. Maji ya kunywa tuliyoahidiwa sikuyaona, nikasamehe nayo.

Lililoniwasha ni hili. Tumeshuka pangoni, kuna ubaridi, matone yanadondoka, watoto wamewasha tochi za simu. Mtembeza wageni anatwambia wachimbaji walikuta hapa mifupa ya punda milia. Kweli tupu. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba hapo, wengine wakaja baada yake, na ikaonekana mifupa ya punda milia, nyati na kuro, yule wa jamii ya swala. Mwanangu, yupo darasa la sita, akauliza: "Sasa punda milia walifikaje Unguja?"

Yule kijana mtembeza wageni akacheka. "Waliletwa na jahazi, dogo. Masultani walikuwa na mambo yao."

Jahazi! Wanyama wale waliishi hapa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Sultani gani huyo? Nikamwambia yule kijana kwa upole, wallahi kwa upole: "Mwanangu, hawa walikuja kwa miguu. Hapa kati hapakuwa na bahari." Akanitazama kuanzia mtandio mpaka kandambili. "Mama, mie nina kitambulisho cha utalii. Wewe unacho?" Mbele ya watoto! Kisha akapiga makofi: dakika kumi, tunatoka.

Sikumjibu. Nilipofika pwani ndipo ulimi uliponifunguka, na bahati nzuri maji yalikuwa yamekupwa, bamvua hasa. Nikamkalisha mtoto mchangani. "Unaona bahari ilivyokwenda kule? Asubuhi ilikuwa hapa chini ya minazi. Sasa kina mama wanakwenda kwa miguu mpaka kwenye mwani wao. Hii inarudi baada ya saa chache. Haya, fikiria kupwa ya maelfu ya miaka."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita dunia iliingia baridi kali, maji mengi yakaganda yakalala juu ya nchi kavu huko Canada na kaskazini ya Ulaya, na bahari ikashuka kama mita 120. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara kina chake hakifiki hata mita hizo, kwa hivyo palikuwa pakavu. Baridi ile ilileta na ukame, misitu ikapungua, nyasi zikatanda, na punda milia hafuati kingine ila nyasi. Alifika zake Jambiani bila nauli. Joto liliporudi barafu ikayeyuka, maji yakajaa, na kama miaka 10,000 iliyopita Unguja ikakatika. Waliokuwa upande huu wakakwama kwenye kisiwa kidogo pamoja na wawindaji. Punda milia na nyati wakamalizika. Paa nunga, wale paa wadogo wa msituni, wapo mpaka leo.

Na farasi je, naye alipanda jahazi? Asili yake Marekani ya Kaskazini, akavuka kuingia Asia pale bahari iliposhuka kati ya Alaska na Siberia. Ningemwambia haya yule kijana angeniuliza kitambulisho cha farasi.

Kwetu Pemba (ndiyo, mie Mpemba, mtanistahamilia) mkondo una kina cha mamia ya mita, hata kupwa ile haikuukausha. Huko punda milia angetaka jahazi kweli. Kwa hivyo labda kijana alikosea kisiwa tu, nisimwonee sana.

Mtoto akanyamaza kidogo, akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu. "Kwa hivyo Mama, hapa tulipokaa palikuwa bara?" Nilitaka kulia. Garini akamwambia mtembeza wageni: "Kaka, ilikuwa kupwa." Kaka akaongeza sauti ya redio.

Kampuni niliipa nyota moja mtandaoni. Halafu nikamkumbuka dereva, mstaarabu, aliyewanunulia watoto madafu kwa pesa yake, nikapandisha mbili. Usiku nikakumbuka ile "wewe unacho?", nikashusha tena. Pango lenyewe lakini nendeni, zuri mno, hata kwa daladala mtafika.

Nyongeza: wamenipigia simu. Wananipa safari ya bure nifute maneno haya. Nikawauliza, atatutembeza nani? Yule yule. Basi nyota ni moja, na haishuki wala haipandi.