Kamera ilizima mlangoni mwa ndege: uzoefu wangu na kamkoda ya diski na lenzi pana

Usinunue kamkoda, yaani kamera ya video, inayohifadhi picha kwenye diski ngumu ya kuzunguka kama kazi yako ni kurekodi watu wanaoruka na parachuti. Nalisema hili mapema kwa sababu bado nina hasira, na najijua, nikitulia nitaanza kuitetea hii kamera.

Mimi huruka Diani, pwani ya Kenya. Mteja anakuwa amefungwa kifuani pa mwalimu wake wa kuruka, nami natoka nao ndegeni, kamera juu ya helmeti, namrekodi uso kwa uso mpaka parachuti yao ifunguke. Tukitoka futi 12,000 napata kama sekunde 40. Hizo sekunde ndizo anazolipia mtu. Hakuna kurudi mlangoni tuanze upya.

Kamera yangu ya kanda iliuawa na chumvi ya bahari, nikapanda basi hadi Nairobi kutafuta nyingine. Nikaingia duka moja pale Luthuli Avenue, nikamweleza muuzaji wazi kabisa: natoka nayo kwenye ndege, inaanguka na mimi. Akaigonga gonga kwa kidole, akasema, "Bosi, hii ni chuma. Hata ukianguka nayo haisumbui." Nikalipa, pamoja na lenzi pana ya 0.5 ya kufunga kwa mbele.

Mteja wangu wa kwanza na hiyo kamera alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nakuru. Mama mpole, wa makamo. Alituambia amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya siku hiyo, na kwamba watoto wa darasa lake wameahidiwa kuiona video. Ndani ya ndege nilimrekodi akifunga macho, akiomba. Karibu na jicho langu la kulia nina kitaa kidogo, kikiwaka chekundu najua kamera inarekodi, maana ikiwa juu ya kichwa huwezi kuiona. Mlango ukafunguka. Kitaa chekundu. Nikatangulia kushika nje ya mlango, mwalimu wake wa kuruka akahesabu, tukatoka.

Kitaa kikazima.

Sijui nieleze vipi. Mama yule yuko mita 2 mbele yangu, mashavu yanapeperuka kwa upepo, anacheka kicheko ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mzima, ananipungia mikono yote miwili, na mimi najua hakuna kinachoingia. Mikono yangu ndiyo mabawa yangu. Nikiutoa mmoja kwenda kupapasa kitufe, napinduka na huenda nikawagonga. Nilibaki namtazama tu. Nilipofungua parachuti yangu ndipo nilipobonyeza kurekodi tena, nikapata bahari, mwamba, na parachuti yao ikiwa kadoa kwa mbali.

Alipoitazama pale chini aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona sijioni nikiruka?" Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nilimpigia simu yule muuzaji. Sitasahau jibu lake. "Kamera haina shida. Shida ni wewe. Nani alikuambia uruke na kamera?" Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe. Akasema, "Sasa wewe ukianguka kutoka angani unataka mimi nifanye nini?" Nikasikia wenzake wanacheka nyuma. Akakata.

Aliyenisaidia ni mrukaji mkongwe pale pale uwanjani, aliyeanza enzi za kanda. Aliishika kamera, akaingia kwenye menyu, ukurasa wa pili, akanionyesha mstari mmoja: kihisi cha kuanguka. Umewashwa. Akazima. Hata dakika moja haikuisha.

Kumbe mambo ni hivi. Ndani kuna diski inayozunguka kwa kasi, na juu yake kichwa cha kusomea kinachoelea kwa unene mdogo sana wa hewa. Ikipata kishindo, kichwa kinaikwaruza diski. Kwa hiyo kamera imewekewa kihisi: ikihisi imepoteza uzito, inadhani imeponyoka mkononi, inainua kichwa haraka na kuacha kuandika. Sasa mtu akitoka ndegeni, ni lini anapoteza uzito? Ni zile sekunde chache za mwanzo, kabla hewa haijaanza kumbeba. Akifikia mwendo wa kilomita 190 hivi kwa saa, hewa inamshika kama godoro na uzito unarudi. Yaani kamera inazima pale pale mtu anapouachia mlango! Na hewa ikiwa nyembamba huko juu, kile kichwa nacho kinaelea kwa shida, ndiyo maana watengenezaji waliweka kikomo cha mwinuko kwa kamera za namna hii. Muuzaji anayejua bidhaa yake anasema hayo kabla ya kupokea pesa.

Baada ya hapo niliichunguza mipangilio yote, na kusema kweli ndipo nilipoanza kulainika.

Kituliza picha nilikizima. Kinakula kingo za picha, kwa hiyo upana niliounulia lenzi unapotea, na upepo ukiipiga helmeti picha inachezacheza kama maji kwenye beseni. Shingo yangu inatosha. Zumu naiacha mwisho kabisa upande wa upana, na kwa lenzi ya 0.5 pembe zinabaki safi. Niliwahi kuazima ya 0.3, iliyo pana zaidi, ikaniwekea duara jeusi kila pembe, hadi nikalazimika kuvuta zumu kidogo.

Fokasi ya otomatiki sitaki hata kuisikia. Tukipita kwenye wingu, tone moja la maji likikaa kwenye kioo, kamera inalifuata tone na kumwacha mtu. Naiweka kwa mkono. Ila usiipeleke mwisho kabisa penye alama ya mbali, maana lenzi ya kufunga mbele inabadilisha hesabu hiyo. Namsimamisha mwenzangu mita 3 mbele yangu, lenzi ikiwa imeshafungwa, narekebisha mpaka nione kope zake, nafunga hapo. Kwa upana ule, kuanzia karibu na mkono mpaka ufukweni kote kunasomeka.

Shata, kile kinachoruhusu mwanga kuingia, naiweka ya kasi, ile hali ya michezo, ili uso unaotetemeka usiwe ukungu. Mwanga ndio bado unanisumbua. Nikiwa chini ya mteja namrekodi mbingu iko nyuma yake, anakuwa kivuli. Nikipanda juu yake, nyuma kuna bahari ya bluu nzito na uso unaungua. Nikiufunga kwa mkono, giza la ndani ya ndege linaniharibia mlangoni. Kwa hiyo naiachia kamera ichague, naiongezea nusu hatua ya mwanga tu, kisha najitahidi kukaa usawa wa macho ya mteja. Kwa ngozi zetu nyeusi hiyo nusu hatua ni ya lazima.

Kwa mipangilio hiyo, kamera hii inatoa picha tamu. Juzi nilimrekodi kijana mmoja wa Likoni, kitaa kikabaki chekundu kutoka mlangoni hadi parachuti, na unaona hadi uzi wa kola yake ukipigapiga shingoni. Kwa hiyo lile neno langu la kwanza nalipunguza. Ukiipata kwa bei nzuri, uzime kihisi, uitumie kwa miruko ya kawaida, si mbaya. Si mbaya hata kidogo. Lakini ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua inayorekodi kwenye kadi ya kumbukumbu, isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

Kule dukani sirudi, hata wanipe bure.

Faili ya yule mama bado ninayo, sijaifuta. Anafunga macho, midomo inaomba, mlango unafunguka na mwanga unamjaa usoni, mkono wake unaachia mkanda wa mwalimu wa kuruka. Inakatikia hapo. Nimemtumia ujumbe kwamba akija tena Diani, narekodi bila malipo. Amejibu kwamba anaanza tena kuweka akiba ya kuruka.