Midiamu hevi au hevi kwa jigi za besi? Nimezitumia zote mbili, haya ndo maoni yangu

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake: kama unanunua fimbo moja tu ya jigi (chambo chenye kichwa kizito na ndoano, hapa cha kuvulia samaki aitwaye besi), chukua midiamu hevi, yani nguvu iliyo chini kidogo ya hevi, ya futi 7 na inchi 3 hivi yenye ekshen ya fasti (inayopindia karibu na ncha), hiyo hevi itakuja baadae ukishajua kwa nini unaitaka. Ninazorevyu hapa ni fimbo mbili za mtengenezaji mmoja, grafaiti ileile na pete zilezile za kupitishia mshipi, tofauti ni nguvu na urefu tu, moja midiamu hevi ya 7 na inchi 3, nyingine hevi ya 7 na inchi 6. Jina la kampuni naliacha pembeni manake ninachopima ni nguvu yenyewe, na hiyo utaikuta kwa kila anayetengeneza fimbo.

Sa watu wengi wakifika dukani wanauliza "hii inavuta samaki wa kilo ngapi?" Hilo swali halikusaidii kitu kwenye jigi. Besi wa kilo 2 au 3 unamtoa vizuri tu na fimbo ya midiamu ukiwa maji ya wazi na dragi ya rili (breki ya mshipi) umeiseti sawa. Kinachoamua nguvu ya fimbo ni ndoano iliyoko kwenye jigi yako, yani unene wa ule waya. Jigi za kazi ngumu, zile za kudondosha ndani ya magugu, zina ndoano nene halafu mbele yake kuna kibrashi kigumu cha kuzuia majani, kwa hiyo ukikita (ukivuta fimbo ghafla ili ndoano imwingie samaki) lazima kwanza ukilaze kile kibrashi, halafu ncha na kinyusi chake (kijino cha nyuma ya ncha) vipite kwenye mdomo wenye mfupa. Ni kama kutoboa gunia kwa msumari badala ya shazia, inawezekana ila unahitaji mkono mgumu nyuma yake. Fimbo laini ikipewa kazi hiyo inaendelea kupinda tu, nguvu yote inaishia kwenye mpindo, ndoano inaingia nusu, besi anaruka juu, anatikisa kichwa, na jigi inakurudia tupu.

Kinyume chake nacho kipo na watu hawakisemi sana. Jigi ndogo za gramu 5 hadi 9 mara nyingi zina ndoano ya waya mwembamba, hizo ukizifunga kwenye hevi na mshipi wa kusuka halafu ukakita kwa nguvu zako zote, ndoano inanyooka au inachana tundu kubwa mdomoni na samaki akilegeza mshipi kidogo tu imetoka. Hapo hata midiamu ya kawaida inatosha, na mi naona ni bora zaidi.

Haya, midiamu hevi. Lebo yake inasema chambo cha robo aunsi hadi aunsi 1, gramu 7 mpaka 28, mshipi wa paundi 12 hadi 20 (hiyo ni nguvu ya mshipi kabla haujakatika). Kwenye jigi ya gramu 10 na 14 ndo iko nyumbani, inarusha mbali bila kulazimisha, ncha inapinda kidogo ukiirudisha nyuma na hiyo ndo inayoitupa jigi. Nimeitumia na mshipi wa fluorokaboni wa paundi 15 kwa kuburuta jigi ya kichwa kipana kwenye mawe, unasikia kila kokoto, na ukipita kwenye matope unasikia kimya. Jigi ya kuogelesha pia inaipenda, manake besi akiifuata na kuigonga, ule ulaini wa ncha unampa nafasi ya kuimeza kabla hujamnyang'anya. Inapochoka ni kwenye magugu mazito. Samaki akijifunga chini ya mkeka wa majani fimbo inapinda mpaka karibu na mshikio, yeye bado yuko palepale, na hapo unaanza kuomba.

Hevi ndo ilitengenezwa kwa hiyo sehemu. Lebo inaanzia gramu 10 mpaka 42, mshipi mpaka paundi 25, lakini mi naiwekea wa kusuka wa paundi 50 au 65 manake ule hautanuki, ukikita leo samaki anajua leo. Zile inchi 3 za ziada unaziona kazini, ukiinua mkono unakusanya mshipi mwingi zaidi kwa mara moja, na besi anageuzwa kichwa kabla hajaamua pa kukimbilia. Ila jigi ya gramu 10 kwenye hii fimbo ni mateso japo lebo inairuhusu, ncha haipindi, unarusha kwa bega, mshipi unajisokota ndani ya rili, na mguso mdogo wakati jigi inazama hausikii hata kidogo. Anza gramu 14 kwenda juu, kwenye 21 ndo inafurahisha.

Halafu usisahau kuhesabu mkia wa plastiki. Namba iliyoandikwa kwenye jigi ni ya kichwa tu, ukiweka na kidude cha umbo la kamba mwenye magando jigi ya gramu 14 inafika 20 na kitu, ambayo ni sawa kwa hizi mbili, ila kwa fimbo ya midiamu inaweza kuwa umeshavuka lebo.

Kingine, nguvu na ekshen ni vitu viwili. Nguvu ni fimbo inakataa kupinda kiasi gani, ekshen ni inapindia wapi, ncha au katikati. Na hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima, midiamu hevi ya kampuni hii inaweza kuwa hevi ya kampuni ile, kwa hiyo soma gramu za chambo kwenye lebo, usisome neno peke yake. Ukitaka kuhakiki funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza mizigo, mtu aishike mbali kidogo, ukite kama unavyokita majini usome kilo. Wengi hushangaa namba ilivyo ndogo, na ukibadilisha fimbo utaona tofauti. Fanya bila ndoano lakini, na usiinue fimbo kupita wima, grafaiti huvunjika hapo kwenye ncha na watengenezaji wengi hawakubali hiyo kama kasoro yao.

Maksi zangu: midiamu hevi 4.5 kati ya 5, nusu nimekata kwa ajili ya magugu. Hevi 4, si kwa ubaya, ni kwa sababu kazi yake ni moja, na mshikio wake mrefu unanigonga mbavuni kila nikirusha nikiwa nimekaa, kwa hiyo kama unavua kwenye kayaki ijaribu kwanza ukiwa umeketi ndo ulipe.