Kamusi ya Liddell na Scott: niliifungua kwa neno moja

Nilikuwa naandaa mahubiri ya 2 Wakorintho 12:9, "uweza wangu hutimilika katika udhaifu", na programu ya kamusi niliyokuwa nayo simuni ikanipa maneno mawili tu kwa astheneia, neno la Kigiriki lililofasiriwa hapo "udhaifu": udhaifu, ugonjwa. Nichukue lipi, haikusema. Ndipo nikafungua kamusi kubwa ya Kigiriki ya Liddell na Scott, iliyotoka Oxford mara ya kwanza mwaka 1843 na sasa husomwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus.

Neno ni nomino ya kike, mzizi wake kivumishi asthenes: a- ya kukanusha, halafu sthenos, nguvu. Hapo niliweka kalamu chini. Sisi mtu akiumwa husema "siwezi". Hata Yohana 5:5, yule mtu wa kando ya birika, Biblia ya Union inasema "amekuwa hawezi" miaka 38, na Kigiriki chake ni astheneia hiyohiyo. Nimeusoma mstari huo tangu utotoni bila kujua kwamba wafasiri walipatia namna hiyo!

Kamusi haikuniachia hapo. Ikanipeleka kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anayetaja astheneia ya maisha, yaani umaskini: Waajemi walipoingia Athens mwaka 480 KK, miongoni mwa waliobaki Akropoli, ngome ya kilimani ya mji huo, wakijizibia kwa milango na mbao, walikuwemo watu waliokosa uwezo wa kuhamia kisiwa cha Salamis. Hawezi, kwa maana ya mfuko.

Sarufi ifuatilie polepole, inalipa. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Wagiriki wanasema asthéneia, lakini "ya udhaifu" ni astheneías, kwa kuwa alfa (herufi a) ya mwisho imekuwa ndefu na kuuvuta mkazo mbele. Kwa Paulo, kihusishi en ("katika") kinadai datifu, mojawapo ya maumbo ya nomino yanayoonyesha kazi yake, na iota (herufi i) ndogo inaandikwa chini ya alfa. Ukiiona iota hiyo umeshajua kazi ya neno katika sentensi.

Tahadhari: maelezo ni ya Kiingereza, vifupisho vimejaa, na Agano Jipya si shabaha yake kuu, kwa hiyo mwanzoni soma ukiwa na orodha ya vifupisho pembeni. Anayetaka jibu la haraka ataichoka. Mimi nilikaa nayo jioni tatu kwa neno hilo moja, na Jumapili nilisimama nikasema "hawezi" kabla ya kusema "udhaifu".