Grupu la WhatsApp au SMS za mkupuo kwa waumini wa Mwanza?

Kwa kwaya au kamati ya ujenzi, grupu linatosha kabisa. Linabeba watu 1,024 na linapokea sauti, picha za risiti, ratiba za zamu. Kasoro yake ni kelele: tangazo la msiba likiwekwa asubuhi, mchana limeshafunikwa na "amina" mia. Admini abadili mipangilio, watume maadmini peke yao.

Ila mzee wa Ukerewe mwenye kiswaswadu, au mvuvi aliyeishiwa bando, humpati huko. Huyo ni wa SMS. Kwenye kampuni ya SMS za mkupuo unasajili jina la mtumaji lisilozidi herufi 11, unapakia orodha ya namba zinazoanza na 255, unatuma. Excel ndiyo huwaponza makatibu wanaoandika 0754 badala ya 255754: hufuta sifuri ya mwanzo, ikabaki 754, na ujumbe huenda usifike. Ifanye safu ya namba kuwa ya maandishi, kisha jaza namba zikianza na 255.

Malipo ni kwa kipande cha herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukizidisha, kila kipande hubeba 153 tu. Mtego mkubwa ni majina ya huku. Andika Nyang’hwale kwa ritifaa iliyopinda, ile ambayo Word huiweka yenyewe, na kikomo kinashuka hadi 70: tangazo la herufi 160 unalilipia vipande vitatu. Tumia iliyonyooka ('). Tena, jina la mtumaji halijibiwi, kwa hiyo weka namba ya katibu ndani ya ujumbe.