Treni Moja, Filamu Mbili: ya 1974 au ya 2017?
Tumezitazama zote mbili, siku mbili mfululizo, nyumbani kwa shangazi Michenzani. Hadithi ni ile ya Agatha Christie, Murder on the Orient Express, iliyotoka 1934: mtu ameuawa ndani ya treni iliyokwama kwenye theluji, na mpelelezi Poirot anawahoji abiria mmoja mmoja.

Ya 2017, ya Kenneth Branagh, ina picha za kupendeza na vijana wa nyumbani waliishangilia. Lakini Poirot kukimbizana na mtu darajani! Sisi tuliokulia na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anayefumbua mafumbo kwa kutulia na kiko chake, hatukuridhika hata kidogo.

Ya 1974, ya Sidney Lumet, inakupa nafasi ya kumsikiliza mtu. Ingrid Bergman anahojiwa kwa dakika kadhaa na kamera haimbanduki: macho yanatangatanga, sauti inakatikakatika. Shangazi alishikilia kikombe chake mpaka kahawa ikapoa. "Huyu ana jambo analificha, mwanangu," alininong'oneza. Oscar aliyopata Bergman aliistahiki kwa kipande hicho peke yake.

Binamu yangu anasema inakwenda polepole mno. Mimi nitairudia Ijumaa, baada ya Isha.